Kidato cha tano kisha Ardhi, au diploma ya ujenzi hapa Arusha? Kwa mtoto anayetaka kuchora majengo

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwezi wa kwanza, ofisini kwangu hapa Arusha huanza kuingia wageni ambao hawajaja kujenga. Wamekuja na mtoto, na mtoto amekuja na daftari. Safari hii alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Sakina na binti yake. Baada ya kumwamkia, akaniambia: "Mwanangu, huyu anataka kuwa injinia wa kuchora ramani. Mwalimu wake anasema aende kidato cha tano, halafu Chuo Kikuu Ardhi. Kaka yake anasema huko ni kupoteza miaka, aingie chuo cha ufundi hapa hapa mjini asome ujenzi, baada ya miaka mitatu ana kazi. Mimi nauza mitumba hapa soko la Kilombero, mambo hayo siyajui. Ipi?"

Mimi nilipita njia ya mwalimu. Binamu yangu, tuliyekua naye Kibosho tukichota maji kwenye mfongo mmoja, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, alipita njia ya kaka. Leo tunafanya kazi pamoja, yeye upande wa uhandisi, mimi upande wa ubunifu. Kwa hiyo naweza kuziweka njia zote mbili mezani bila kusimuliwa na mtu.

Anza na bango la saiti

Kabla ya kulinganisha vyuo, nilimwomba binti asome bango lililoning'inia kwenye uzio wa saiti ng'ambo ya barabara. Kila jengo kubwa linalojengwa lina bango kama hilo. Kuna jina la mwenye mradi, mbunifu majengo, mkadiriaji majenzi, mhandisi wa miundo, na mkandarasi. Ni mistari mitano, na ukiacha ule wa kwanza, kila mstari ni taaluma yenye mlango wake.

"Injinia wa kuchora ramani" wa mama yule ni watu wawili au watatu waliounganishwa. Mbunifu majengo, ambaye vitabuni pia huitwa msanifu majengo, ndiye anayeamua nyumba ikae vipi kwenye kiwanja, mwanga uingie wapi, mtu atembee vipi kutoka mlangoni hadi jikoni, jengo lionekaneje na livishwe nini. Mhandisi wa miundo ndiye anayehesabu unene wa nguzo na idadi ya nondo ili lile lililochorwa lisimame. Mkadiriaji majenzi anapima kazi na kuipa bei. Mtaani wote hao tunawaita mainjinia, na yeyote mwenye kompyuta na programu ya kuchorea ya AutoCAD tunamwita mchora ramani. Mtoto akichagua chuo kwa majina ya mtaani, anaweza kusoma miaka mitatu ndipo agundue kwamba alitaka mstari mwingine wa bango.

Jina la mbunifu majengo linalindwa na sheria. Huwezi kujiita hivyo kwa sababu unajua kuchora. Ni lazima uwe umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, ambayo sasa inaongozwa na sheria ya mwaka 2010. Wahandisi wana bodi yao, ERB, na makandarasi wana yao, CRB. Kulikuwa na sababu ya kuweka ulinzi huo. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Likitokea jambo kama hilo, kitu cha kwanza kinachotafutwa ni mihuri iliyo kwenye michoro.

Na fundi sanifu, yaani mwenye diploma? Jina lake halipo kwenye bango. Lakini ndiye aliyefika saiti saa moja asubuhi, ndiye aliyekagua nondo kabla zege halijamwagwa, na ndiye anayejua ni tripu ngapi za kokoto zimeingia jana. Nilitaka binti ajue hilo mapema, kwa sababu kuna watu wanaotaka jina na kuna watu wanaotaka kazi yenyewe, na wote wana haki.

Hesabu ya miaka si kama watu wanavyoisema

Kaka wa binti alikuwa na hoja ya miaka. Tuihesabu.

Njia ya mwalimu: miaka miwili ya kidato cha tano na sita, kisha miaka mitano ya shahada ya usanifu majengo pale Ardhi. Jumla saba. Baada ya hapo kuna kipindi cha kufanya kazi chini ya mbunifu aliyesajiliwa, ukiandika kumbukumbu za ulichofanya, halafu mitihani ya bodi. Ukitoka kidato cha nne na miaka 17, jiandae kupata mhuri wako ukikaribia miaka 30. Simwogopeshi mtu, ndivyo ilivyo.

Njia ya kaka: Chuo cha Ufundi Arusha, ATC, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na serikali ya Ujerumani, kinapokea wahitimu wa kidato cha nne na kuwafundisha uhandisi ujenzi kwa miaka mitatu hadi diploma. Akimaliza ana miaka 20 na cheti kinachoajirika. Hapo kaka yuko sahihi kabisa.

Ila watu hukosea wanapodhani diploma inafunga njia ya chuo kikuu, au kwamba inaifungua yote. Mwenye diploma anaweza kuomba shahada, na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, imeweka wastani wa chini kuwa GPA ya 3.0. Akiingia miaka minne ya uhandisi ujenzi, jumla yake ni saba, sawasawa na mwenzake aliyepita kidato cha sita kwenda Ardhi. Akitaka usanifu majengo wa miaka mitano, ni nane. Tofauti ni mwaka mmoja tu. Tatizo liko kwenye kukubaliwa: diploma ya uhandisi ujenzi inaongoza kwa urahisi kwenye uhandisi, kwa sababu ni familia moja. Kuhamia usanifu kunategemea sifa ambazo chuo kimeziandika mwaka huo, na nafasi zenyewe ni chache. Kwa hiyo anayejua tangu sasa kwamba anataka mstari wa pili wa bango, yaani ubunifu majengo, asipite diploma ya ujenzi akitegemea kukata kona mbele. Anaweza kufika, lakini anategemea mlango ambao hana ufunguo wake.

Binamu yangu hakutaka kukata kona. Alifanya diploma, akafanya kazi miaka minne, akarudi kusoma shahada ya uhandisi huku akiwa na akiba yake mwenyewe. Anasema ile miaka minne saitini ilimfanya aelewe kila hesabu darasani, kwa sababu alikuwa ameshaiona kwa macho.

Darasani kunafanyika nini hasa

Hapa ndipo ninapotaka mzazi akae zaidi, kwa sababu njia hizi mbili zinamlea mtu tofauti.

Chuo Kikuu Ardhi kipo jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilianza mwaka 1956 kama shule ya kufundisha wapima ardhi, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Moyo wa kozi ya usanifu pale ni studio. Mengine yapo: historia ya majengo, miundo, vifaa vya ujenzi, hali ya hewa, sheria. Lakini studio ndiyo inayokula usiku wako.

Studio ni hivi. Mwalimu anakupa kiwanja na shida: buni zahanati, buni nyumba ya familia ya watu wanane, buni soko dogo. Unakwenda kuona kiwanja, unapima, unauliza watu wanaoishi pale. Unarudi na wazo, unachora kwa mkono, unakata modeli ya kadibodi. Kisha unasimama mbele ya walimu na wenzako na kuitetea. Hiyo tunaiita kriti. Anaweza kukuuliza mwalimu: "Mama mjamzito akifika hapa usiku na mvua inanyesha, anaingilia wapi?" Kama hukufikiria, huna jibu, na mchoro wote unarudi mwanzo. Hakuna ukurasa wa majibu nyuma ya kitabu. Nimeona wanafunzi waliopata daraja la kwanza la kidato cha sita wakiteseka sana mwaka wa kwanza, kwa sababu walizoea swali lenye jibu moja. Na nimeona mtu wa alama za kawaida aking'aa, kwa sababu alikuwa mvumilivu wa kufuta na kuanza upya.

ATC na vyuo vya namna yake, mtu hujifunza kwa kushika. Unachanganya zege, unalipima ulaini kwa slampu, unalijaza kwenye vibweta vya kyubu na kuzivunja kyubu hizo kwenye mashine siku ya 7 na ya 28 ili uone limefikia nguvu gani. Unapima kiwanja kwa vifaa vya upimaji. Unachora msingi, lenta, ngazi na kenchi kwa vipimo ambavyo fundi anaweza kuvifuata. Unakwenda fildi kwa mkandarasi au halmashauri. Jibu huwa lipo, na zege likishindwa linashindwa mbele yako. Kuna vijana wanaoihitaji nidhamu hiyo, wanaochukia kuambiwa "wazo lako halijaiva", lakini ukiwapa kosa la milimita 20 kwenye mhimili wa ukuta hawatalala hadi walirekebishe. Hao wakipelekwa studio kwa nguvu, wanazimika.

Nitasema pia jambo ambalo njia yangu haikunipa. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, joto na unyevu mwaka mzima. Nilijifunza kuifungua nyumba ipate upepo wa kupita, madirisha makubwa pande zote, matundu ya hewa juu ya kuta. Nikarudi Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, nikachora nyumba Ngaramtoni, kwenye miteremko ya Meru, kwa mkono ule ule wa Dar. Mwezi wa saba mwenye nyumba alinipigia. Familia ilikuwa imeziba matundu kwa nailoni na watoto walikuwa wanalala na makoti. Kosa lilikuwa langu, na nilirudi nikalisahihisha. Tangu hapo, kwa nyumba za juu ninatafuta kuta nzito zinazohifadhi joto la mchana, na ninalikaribisha jua la asubuhi vyumbani. Kwa nyumba za chini, kuelekea Moshi mjini ambako ni mita 800 na kitu tu na Januari inachoma, ninafanya kinyume. Tuko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta: jua la saa sita liko utosini, linaloumiza ni la jioni linaloingia ukutani kwa mlalo upande wa magharibi. Mababu zetu Wachaga walikuwa na nyumba ya msonge, nyasi kutoka kileleni hadi chini, mifugo ndani pamoja na watu, joto likibaki ndani. Haikuhitaji hita. Mtoto wa huku anayekwenda Ardhi akiwa ameishi chini ya paa la bibi yake ana maarifa ambayo hayamo kwenye slaidi za mwalimu, ilimradi asiyaonee aibu.

Binamu yangu naye ana lake la kunifundisha. Kwenye kiwanja kimoja cha upande wa tambarare, mimi nilikuwa natazama mandhari ya mlima na kupanga veranda. Yeye alikuwa ameinama anatazama ukuta wa jirani. "Umeona ule ufa?" Ulikuwa unapanda mshazari kutoka kona ya dirisha. Udongo mweusi wa mfinyanzi: masika unavimba, kiangazi unanywea na kupasuka, na msingi wa kawaida unachezeshwa kila mwaka. Tulibadilisha msingi kabla hata sijachora chumba kimoja. Macho yale aliyapata Arusha, kwenye diploma, na saitini baada yake.

Pesa

Sitataja ada, kwa sababu hubadilika na kila chuo hutangaza yake. Nitataja kile kinachosahaulika.

Mwanafunzi wa studio anatumia pesa isiyo kwenye fomu ya ada: kadibodi, gundi, wembe, karatasi kubwa, kuprinti michoro ya A1 kila anapowasilisha kazi, na kompyuta mpakato yenye nguvu, kwa sababu programu za kuchorea kama ArchiCAD au Revit pamoja na picha za jengo zenye mwanga na kivuli haziendi kwenye mashine dhaifu. Ongeza chumba Dar es Salaam na nauli ya basi la siku nzima likizo zikifika. Anayesoma ATC akitokea Sakina anarudi nyumbani kula. Mama yule aliliona hilo haraka kuliko mimi nilivyolisema.

Upande wa pili, mwanafunzi wa shahada anaweza kuomba mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Ni mkopo kweli, baadaye hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, lakini umewavusha wengi, mimi nikiwemo. Diploma kwa miaka mingi ilikuwa nje ya mikopo hiyo, na hata baada ya kuanza kupewa, ni kwa fani za kipaumbele zilizotajwa. Kwa hiyo mzazi aulize hilo mapema, kabla mtoto hajachagua.

Kuna gharama nyingine ambayo hailipwi kwa shilingi. Nikiwa mwaka wa tatu bado natumiwa hela na mama, binamu yangu alikuwa tayari ananunua bati za nyumba ya wazazi wake. Kijijini hilo linaonekana. Mtoto wa kwanza wa familia yenye wadogo wanne nyuma yake, au wa mzazi mgonjwa, anaweza kuwa na sababu njema kabisa ya kuanza na diploma hata kama moyo wake uko studio. Nikimwona mtu kama huyo simkatazi. Namwambia tu ahifadhi vitabu vyake vya hisabati.

Na kazi yenyewe huku kwetu?

Arusha na Moshi zinajenga: nyumba za watu, hoteli na lodge za watalii, makanisa, shule, majengo ya vyama vya ushirika. Ni mji ambao mtoto anaweza kujifunzia usanifu kwa miguu. Ipo Boma ya Wajerumani yenye kuta nene. Ipo AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano, iliyojengwa iwe makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mabawa yake matatu yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Jumuiya ya zamani ilivunjika mwaka 1977, jengo likabaki na kupata kazi nyingine. Huwa nawaambia vijana waende wakasimame pale uani wajiulize kwa nini limeweza kubadilishiwa matumizi bila kubomolewa.

Lakini ukweli ni kwamba nyumba nyingi za huku zinajengwa bila mbunifu aliyesajiliwa. Watu hununua ramani kwenye simu, au humlipa kijana wa stationari amchoree vyumba vitatu na sebule, kisha hutafuta kibali baadaye. Mbunifu mpya huku hutumia muda mwingi kueleza kwa nini analipwa. Fundi sanifu haelezi: mkandarasi anamhitaji, halmashauri inamhitaji, mwenye nyumba anayeogopa kuibiwa saruji anamhitaji. Miaka mitano ya kwanza baada ya masomo, kwa hali ya hapa, mwenye diploma hupata kazi kirahisi kuliko mwenye shahada ya usanifu. Baada ya hapo mambo hugeuka, kwa sababu mwenye mhuri anaweza kufungua ofisi na kusaini kwa jina lake, na fundi sanifu atabaki akifanya kazi chini ya saini ya mwingine hadi aongeze elimu.

Wazazi huniuliza pia kama kuna Mtanzania aliyewahi kufika mbali kwa kazi hii. Nawatajia Beda Amuli, mmoja wa wabunifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu, aliyesomea Israel na kubuni Soko la Kariakoo lenye paa la miavuli ya zege, lililofunguliwa mwaka 1975. Na kwa anayedhani kuanzia chini ni kujishusha, namtajia Francis Kéré wa Burkina Faso. Alianza kama fundi seremala, akaenda Ujerumani kwa mafunzo ya ufundi, akasomea usanifu Berlin akiwa mtu mzima, na shule ya msingi ya matofali ya udongo aliyoijengea kijiji chake cha Gando ndiyo iliyomtangaza. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote kwenye fani hii, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mikono yake iliijua mbao kabla ya kalamu, na majengo yake yanaonyesha hivyo.

Milango mingine, kwa ufupi

Mbeya kuna MUST, nako wanafundisha usanifu majengo. Ni mbali na huku, lakini ukikosa nafasi Ardhi usikae nyumbani mwaka mzima kabla hujaulizia kule. Nairobi ni karibu kuliko Dar es Salaam kwa mtu wa Arusha, unavuka Namanga na kufika siku hiyo hiyo, na vyuo vyake vina historia ndefu ya fani hii. Kule kusoma usanifu hadi mwisho kwa kawaida ni miaka sita, na ukirudi lazima vyeti vitambuliwe na TCU na bodi. Kwa familia yenye uwezo ni chaguo zuri. Kwa mama yule wa soko la Kilombero sikulipendekeza.

Upande wa masomo ya kidato cha tano, hisabati ndiyo ya kulindwa kuliko zote. PCM (fizikia, kemia na hisabati) na PGM (fizikia, jiografia na hisabati) ndizo ninazozishauri. Aliyetoka sekondari ya Moshi Ufundi na kushika uchoraji wa kiufundi tangu kidato cha kwanza ana nafuu pande zote mbili. Na mwongozo wa TCU wa mwaka husika usomwe na mzazi mwenyewe, maana sifa hubadilishwa, na mtu wa stationari anayejaza fomu hana muda wa kukusomea.

Nilichomwambia binti

Daftari lake lilikuwa na michoro ya nyumba za ghorofa zenye vioo, kama zile za kwenye simu. Nzuri kwa mkono wa umri wake, lakini haikuniambia chochote. Nikampa tepu ya mita tano na karatasi. Nikamwambia aende nyumbani akapime nyumba yao yote, kila ukuta, kila mlango, aichore ilivyo. Akimaliza, aichore tena akibadilisha kitu kimoja tu kinachomsumbua mama yake kila siku.

Huwa nawapa wote jaribio hilo. Kuna wanaorudi na karatasi ya kwanza safi ajabu, vipimo vimejumlishwa vikalingana, unene wa kuta umeandikwa, na karatasi ya pili haina kitu kwa sababu "nyumba iko sawa tu". Hao nawapeleka kwa binamu yangu, wakae naye siku mbili saitini, na wengi huomba diploma wakiwa na furaha. Wako wanaorudi na ya kwanza ina makosa, lakini ya pili imechorwa mara sita. Na wako wasiorudi kabisa, na hilo nalo linamsaidia mzazi.

Binti wa Sakina alirudi baada ya wiki mbili. Vipimo vyake havikufunga, sentimita 30 zilikuwa zimepotea kati ya sebule na chumba cha mama, na alikuwa ameshaliona hilo mwenyewe na kuzungushia kalamu nyekundu. Kwenye karatasi ya pili alikuwa amehamisha mlango wa jiko. Nikamwuliza kwa nini. Akasema moshi wa mkaa jioni unaingia chumbani kwa bibi kwa sababu upepo saa hizo unatokea upande ule, alisimama uani siku nne akishika kipande cha uzi ili auone. Mama yake alikuwa hajui kama mtoto alikuwa anafanya hivyo.

Nilimwambia mama kwamba kwa huyu, kama familia inaweza kuivumilia hiyo miaka, ni kidato cha tano kisha Ardhi. Alinyamaza kidogo, akahesabu kwa vidole, akauliza mkopo unaombwa mwezi gani. Wamechagua PCM. Likizo ya Desemba atakuja kwetu, na binamu yangu ameshamwagizia aje na viatu vigumu, kwa sababu wiki ya kwanza hatakaa ofisini.